Kusoma Tabia na Ustahimilivu wa Mtu Usoni na Mwilini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawalenga walimu, wasaili, wauguzi, viongozi wa dini na yeyote ambaye kazi au ujamaa wake unamlazimu kuwatazama watu wengine na kuamua jambo juu yao.

Je, tabia ya mtu inaweza kusomwa katika umbo la uso wake?

Hapana. Imani kwamba inawezekana ni kongwe, na imekuwa na wafuasi wenye elimu kubwa, ndiyo maana haifi. Wanazuoni wa Kiislamu walikuwa na elimu ya firasa, yaani kumjua mtu kwa sura yake, na Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 13, aliiandikia kitabu. Huko Zürich mchungaji Johann Kaspar Lavater alichapisha kati ya mwaka 1775 na 1778 juzuu nne zilizojaa michoro ya nyuso, akidai kwamba paji, pua na kidevu hufichua roho ya mwenyewe. Charles Darwin alisimulia katika maandishi ya maisha yake kwamba mwaka 1831 nusura akose nafasi katika meli ya Beagle, kwa sababu nahodha Robert FitzRoy, aliyemwamini Lavater, alitilia shaka iwapo mtu mwenye pua ya namna ile angekuwa na nguvu na azma ya kutosha kwa safari ndefu. Safari ilichukua karibu miaka mitano, naye Darwin aliona kwamba nahodha aliridhika baadaye kuwa pua ile ilikuwa imesema uongo.

Kisa cha Darwin kinachekesha, lakini si visa vyote vilivyoishia kwenye kicheko. Mwaka 1876 daktari wa Kiitaliano Cesare Lombroso alitoa kitabu kilichodai kwamba wapo wahalifu wa kuzaliwa, na kwamba wanatambulika kwa taya kubwa, masikio yaliyochomoza na paji lililolala nyuma. Dai hilo liliingia katika fikra za mahakimu na wakuu wa magereza wa nchi nyingi kabla ya kupimwa sawasawa. Charles Goring, daktari wa magereza ya Uingereza, ndiye aliyelipima: aliwachunguza wafungwa wapatao 3,000, akawalinganisha na watu wasio wafungwa, wakiwamo wanajeshi na wanafunzi wa vyuo vikuu, na katika taarifa yake ya mwaka 1913 akasema kwamba hakuona umbo la pekee la mhalifu. Kwa hiyo mtu anayekuuzia leo mafunzo ya kumjua mwaminifu kwa umbali uliopo kati ya macho yake anakuuzia bidhaa iliyokwisha kukataliwa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kama ni hivyo, kwa nini tunapomtazama mtu mara ya kwanza huhisi kwamba tumemjua?

Kwa sababu hukumu hiyo hutolewa upesi mno, tena tunakubaliana juu yake. Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha mwaka 2006 kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde inatosha kwa mtu kuamua iwapo uso asioujua ni wa mwaminifu au wa mjuzi wa kazi, na kwamba kuongezewa muda hakubadilishi sana uamuzi huo bali humfanya auamini zaidi. Mwaka uliotangulia, Todorov na wenzake walikuwa wamegundua kwamba picha ya mgombea wa Seneti ya Marekani iliyoonekana kuwa ya mtu mwenye uwezo zaidi ilikuwa ya mshindi katika mashindano takriban 7 kati ya 10.

Matokeo hayo hayathibitishi kwamba washindi walikuwa na uwezo. Yanathibitisha kwamba wapigakura nao walikuwa wakitazama sura. Watu mia wanaweza kukubaliana kuhusu uso mmoja na wote wakawa wamekosea, na mwenye uso huo akaendelea kupewa nafasi, au kunyimwa, kwa kosa lao la pamoja. Wahenga walisema kwamba umdhaniaye siye ndiye, na katika suala hili utafiti umesimama upande wao.

Basi uso huonyesha nini?

Huonyesha hali ya wakati huo, na hata hiyo huionyesha kwa sehemu tu. Mfaransa Guillaume Duchenne, aliyesisimua misuli ya nyuso kwa umeme na kuchapisha picha zake mwaka 1862, aligundua kwamba tabasamu la furaha ya kweli halivuti pembe za mdomo pekee, bali hukaza pia msuli unaolizunguka jicho na kuinua mashavu, na kwamba msuli huo ni mgumu kuuamrisha kwa hiari. Darwin alitumia picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna wanadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Karibu karne moja baadaye, mwanasaikolojia wa Marekani Paul Ekman alikwenda kwa watu wa Fore wa Papua Guinea Mpya, akarudi na hoja kwamba hisia chache za msingi zina sura zinazotambulika duniani kote.

Hoja ya Ekman imepunguzwa makali. Carlos Crivelli na wenzake waliripoti mwaka 2016 kwamba vijana wa visiwa vya Trobriand, ambavyo navyo viko Papua Guinea Mpya, walipoonyeshwa uso wenye macho yaliyotumbuliwa na mdomo ulio wazi, uso ambao Wahispania waliuona kuwa wa hofu, wao waliuona kuwa wa hasira na vitisho. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake wanne walipitia tafiti zaidi ya 1,000 na kuhitimisha kwamba watu wenye hasira hukunja uso takriban asilimia 30 tu ya nyakati. Nyakati nyingine hunyamaza, hulia, hucheka kwa dharau, au hukaa tu wakiwaza namna ya kulipiza. Pia wapo wanaokunja ndita kwa sababu wanasoma maandishi madogo, wanasikiliza kwa makini, au wamepigwa na jua.

Inasemekana kwamba mwili hausemi uongo hata kama uso unaweza. Je, ni kweli?

Mwili nao hudanganya, ila kuna hali ambamo hueleza zaidi ya uso. Hillel Aviezer, Yaacov Trope na Todorov waliwaonyesha watu, mwaka 2012, picha za wachezaji wa tenisi waliokuwa wametoka tu kushinda au kupoteza pointi muhimu. Walioona nyuso peke yake hawakuweza kutofautisha mshindi na mshindwa. Walioona miili, hata ile isiyo na kichwa, waliweza. Hisia inapofika kileleni uso hujikunja kwa namna inayofanana, iwe ni furaha au ni uchungu, na mabega, mikono na kifua ndivyo vinavyotoa maana.

Baadhi ya mikao hiyo haifundishwi. Jessica Tracy na David Matsumoto walichunguza picha za wanajudo wa michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya mwaka 2004 mjini Athens, na kuona kwamba hata vipofu tangu kuzaliwa, ambao hawajawahi kumwona mtu akishinda wala akishindwa, waliinua mikono na kutanua kifua waliposhinda, na waliangusha mabega waliposhindwa. Hata hivyo, wanajudo wenye kuona kutoka Magharibi walionyesha mkao wa aibu kwa kiasi kidogo kuliko wengine, jambo ambalo watafiti hao walilieleza kuwa ni kujizuia kunakotokana na malezi.

Mikao mingine inafundishwa kabisa. Mtoto wa Pwani anayeshika tama huambiwa aondoe mkono shavuni kwa kuwa anaita msiba, na hivyo hukua akijua kwamba mkao huo ni wa mfiwa. Kukunja nne mbele ya wakwe, kushika kiuno unapoongea na mkubwa, na kusonya baada ya kuagizwa, vyote husomwa kuwa ni utovu wa adabu na yeyote aliyelelewa hapa, ilhali mgeni anaweza kuketi hivyo kutwa nzima bila nia mbaya. Anayesoma mwili wa mtu ni lazima kwanza ajue ulifundishwa wapi.

Ustahimilivu wa kihisia ni nini, na je, unaonekana kwa macho?

Ni uwezo wa mtu aliyepatwa na pigo kuendelea na shughuli zake na kubaki na uhusiano mwema na wenzake, hata kama anaumia. Hili ndilo swali linalopotoshwa zaidi, kwa sababu wengi wetu tumezoea kumhesabu mstahimilivu kuwa ni mwenye uso mkavu: aliyesimama wima makaburini, asiyetoa chozi, aliyejikaza kiume.

George Bonanno wa New York, ambaye amewachunguza wafiwa na manusura wa maafa kwa miongo kadhaa, alitazama jambo hili kwa njia tofauti. Yeye na wenzake waliwachukua wanafunzi walioanza chuo katika jiji hilo karibu na wakati wa mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, wakawaonyesha picha za kusisimua, na kuwataka mara waonyeshe hisia zao kwa nguvu, mara wazifiche. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba waliokuwa na unafuu zaidi hadi mwishoni mwa mwaka wao wa pili chuoni ni wale walioweza kufanya yote mawili. Kuweza kuficha tu hakukutosha, wala kuweza kuonyesha tu.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Ikiwa ustahimilivu ni uwezo wa kubadilika kulingana na mahali na watu, basi hauwezi kuonekana katika mkao mmoja wa uso, hata ukitazamwa na mtaalamu. Unaonekana katika mwendo: mama aliyelia asubuhi alipopokea habari, akatulia alipokuwa akiwapangia wageni malazi, akalia tena jioni alipofika dada yake, kisha siku ya tatu akauliza kama kuku wamepewa chakula. Anayemwona saa ya kwanza atamwita dhaifu, na anayemwona saa ya wageni atamwita mwenye moyo wa jiwe, na wote wawili watakuwa wameona kipande kimoja tu.

Kujikaza nako kuna gharama. Majaribio ya James Gross na wenzake yameonyesha kwamba anayezuia dalili za huzuni usoni hapunguzi huzuni yenyewe, ila huufanya mwili wake ufanye kazi ya ziada. Katika jaribio la Emily Butler na wenzake la mwaka 2003, wanawake wawili wasiojuana walizungumza baada ya kutazama filamu ya kuhuzunisha, na mmoja aliagizwa kwa siri afiche hisia zake. Shinikizo la damu la yule mwingine, asiyejua lolote, lilipanda. Uchunguzi uliofuata mwaka 2007 ulikuta kwamba madhara hayo yalikuwa madogo kwa wanawake wenye maadili ya Kiasia, ambako kujizuia ni sehemu ya heshima. Kwa hiyo si haki kumlaumu mzee wa kwetu kwa utulivu wake kana kwamba lazima unamuumiza. Huenda kwake ni desturi iliyokwisha kuwa nyepesi.

Mfiwa anayecheka ana matatizo?

Mara nyingi ni kinyume chake. Dacher Keltner na Bonanno walichapisha mwaka 1997 uchunguzi wa watu waliofiwa na wenzi wao yapata miezi sita nyuma. Wale waliocheka kicheko cha kweli, kile kinachofika machoni, walipokuwa wakimzungumzia marehemu, walikuwa na dhiki ndogo zaidi na uhusiano bora na watu. Wenye desturi ya utani hawakuhitaji kusubiri uchunguzi huo: Mnyamwezi anayefika kwenye msiba wa Mzaramo na kumwigiza marehemu hadi wafiwa wakashikwa na kicheko anatimiza wajibu unaotambuliwa na pande zote mbili.

Mtu asiyenitazama machoni anaficha jambo?

Si lazima, na katika Afrika Mashariki dhana hii inaumiza watu wengi wasio na hatia. Kijana aliyelelewa kumheshimu mkubwa huinamisha macho anapokaripiwa, kwa sababu kumkodolea macho ni kumjibu. Akiingia kwenye usaili akiwa na adabu hiyo hiyo, huandikiwa kwamba hajiamini. Mkimbizi kutoka mashariki ya Kongo anayehojiwa na afisa wa Ulaya au wa Amerika ya Kaskazini anaweza kuhesabiwa kuwa mwongo kwa macho yale yale ambayo nyumbani kwao yangemhesabia kuwa na malezi.

Kuhusu uongo kwa ujumla, Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha mwaka 2006 majaribio yaliyohusisha waamuzi zaidi ya 24,000 na kukuta kwamba watu hupatia kutofautisha ukweli na uongo kwa asilimia 54, kiasi kinachozidi kidogo tu kurusha shilingi. Marekani iliweka maafisa viwanjani mwa ndege kuwasaka watu wabaya kwa kutazama mienendo yao. Ofisi ya ukaguzi ya serikali iliripoti mwaka 2013 kwamba mpango huo ulikuwa umetumia takriban dola milioni 900 tangu mwaka 2007 bila ushahidi wa kutosha kwamba unafanya kazi, ikashauri upunguziwe fedha.

Mahakama zetu nazo zinalo jambo la kuchangia. Sheria za mwenendo wa kesi za jinai za Tanzania na za Kenya humtaka hakimu aandike maoni yake, anapoona yana uzito, kuhusu jinsi shahidi alivyojiendesha alipokuwa akihojiwa. Lakini Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeeleza kwamba uaminifu wa shahidi hupimwa pia kwa kuangalia kama maelezo yake yanashikamana yenyewe kwa yenyewe, na kama yanapatana na ya mashahidi wengine. Kwa mtu anayefanya usaili wa kazi, au anayesuluhisha ugomvi wa ndugu, sioni mwongozo bora zaidi ya huo.

Je, kusimama kwa kujitanua au kujilazimisha kutabasamu huimarisha moyo?

Kidogo, na si kama ilivyotangazwa. Utafiti wa mwaka 2010 uliohusisha watu 42 ulidai kwamba dakika chache za kusimama kwa kujitanua hubadilisha homoni na kuongeza ujasiri wa kuthubutu. Jaribio la mwaka 2015 lililotumia watu 200 halikuona mabadiliko ya homoni wala ya mwenendo; washiriki walisema tu kwamba walijihisi wenye nguvu zaidi. Dana Carney, mwandishi wa kwanza wa utafiti wa awali, alitangaza mwaka 2016 kwamba haamini tena kuwa athari hiyo ipo.

Habari ya tabasamu ina mizunguko zaidi. Mwaka 1988 ilidaiwa kwamba kubana kalamu kwa meno, jambo linaloukunjua uso kama anayetabasamu, hufanya vikatuni vionekane vya kuchekesha zaidi. Maabara 17 zilirudia jaribio hilo mwaka 2016 bila kuipata athari hiyo. Kisha mwaka 2022 kundi la watafiti kutoka nchi 19, wakiwa na washiriki karibu 3,900, wakaona kwamba kuiga uso wa furaha huongeza furaha kwa kiasi kidogo, ingawa kwa njia ya kalamu hawakupata ushahidi wa wazi. Tabasamu ukipenda, lakini usimwambie aliyefiwa kwamba dawa yake ni kutabasamu.

Je, ni kweli kwamba asilimia 93 ya mawasiliano si maneno?

Si kweli. Takwimu hiyo inatokana na majaribio mawili ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyohusu neno moja moja lililotamkwa kwa sauti au kwa uso unaopingana na maana yake. Mehrabian mwenyewe amesema kwamba haihusu mazungumzo ya kawaida.

Kompyuta zenye akili mnemba haziwezi kusoma hisia vizuri kuliko sisi?

Zinasoma mienendo ya misuli, na tumekwisha kuona kwamba misuli si hisia. Microsoft ilitangaza mwaka 2022 kwamba inaondoa huduma yake ya kukisia hisia kutokana na nyuso, na sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba, ambayo makatazo yake yalianza kutumika Februari 2025, inapiga marufuku mifumo ya kukisia hisia za wafanyakazi kazini na za wanafunzi shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Mwajiri wa Nairobi au Dar es Salaam anayeletewa programu ya namna hiyo na wauzaji afahamu kwamba bidhaa hiyo imezuiwa kwingineko.

Ni maradhi gani yanayoweza kuupotosha uso?

Ugonjwa wa Parkinson hupunguza mwendo wa misuli ya uso, hivyo mgonjwa anaweza kuonekana amenuna au hajali, ilhali moyoni anafurahi kukuona. Kupooza kwa mshipa wa fahamu wa uso huangusha upande mmoja, na sonona inaweza kumfanya mtu azungumze kwa sauti na sura isiyobadilika. Jambo moja halivumilii kusubiri: uso ukilegea ghafla upande mmoja, hasa pamoja na mkono kukosa nguvu au maneno kuvurugika, mpeleke mtu hospitali papo hapo, kwa kuwa huenda ni kiharusi.

Ndugu yangu anapitia kipindi kigumu. Nitazame nini?

Mlinganishe na yeye mwenyewe. Ukijua jinsi anavyokaa, anavyocheka na anavyosalimia katika siku za kawaida, mabadiliko yatakueleza zaidi ya kanuni yoyote ya vitabuni: mcheshi aliyenyamaza kwa wiki kadhaa, nadhifu aliyeacha kujipiga pasi, mwenye bashasha ambaye sasa hujiinamia hata mbele ya watoto wake. Tazama pia yasiyo ya usoni, yaani usingizi, chakula, ibada, kazi, na kama bado anapokea wageni na simu. Emmy Werner aliyewafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, aliona kwamba karibu theluthi moja ya wale waliokulia katika dhiki kubwa walikua vizuri, na jambo lililojirudia maishani mwao ni kuwapo kwa angalau mtu mzima mmoja aliyewajali. Kwa hiyo ni muhimu kujua nani yuko karibu naye.

Kisha muulize. Keti naye faraghani, umweleze ulichokiona bila kukipa jina, kwa mfano: «Kaka, naona siku hizi huli nasi, na usiku nasikia uko macho, unaendeleaje?» Baada ya hapo nyamaza umsikilize. Akisema kwamba maisha hayana maana au kwamba wengine wangepata nafuu bila yeye, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwa sababu swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa sumu za shambani, dawa na vitu vyenye makali karibu naye, na mfuatane siku hiyo hiyo hadi kituo cha afya.